Mali Bila Daftari: Sarafu Kongwe na Wajibu wa Mkusanyaji wa Nairobi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika mihadhara ya fasihi simulizi kama wosia kwa mfanyabiashara, kisha mhadhiri akaipita na kuiendea nyingine. Ni nadra kwa mwanafunzi kuuliza mali hiyo ilikuwa na sura gani, iliandikwa nini juu yake, na ilipopotea ilikwenda wapi. Makala haya yanakusudia kuirudisha methali hiyo kwenye mali yenyewe, yaani sarafu, na kutetea hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kukusanya na kutambua sarafu za kale ni uraibu unaomfaa mwanafunzi wa Kiswahili jijini Nairobi kuliko wengi wanavyodhani. Ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni kwamba uraibu huo ukifanywa bila daftari hauhifadhi historia bali huiangamiza, tena kwa mikono ya watu wanaojiita wapenzi wake.

Mkebe wa Uthiru

Na ichukuliwe kwa mfano hali ifuatayo, ambayo si ngeni kwa yeyote aliyelelewa kando ya Barabara ya Waiyaki, kuanzia Kangemi hadi Uthiru. Kijana wa chuo anakwenda kumjulia hali nyanya yake siku ya Jumapili. Baada ya chai, ajuza anavuta kutoka uvunguni mwa kitanda mkebe wa zamani wa majani ya chai na kumwekea mapajani. Ndani mna sarafu zilizofifia, nyingine zimetobolewa katikati, nyingine nyeusi kama makaa.

"Shosho, hizi ni za nini?"

"Ni za guka wako. Kila alipolipwa mshahara, zilizobaki mfukoni alizitia humo. Zipeleke mjini, huenda ukapata nauli."

Kijana huyo ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuzipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu huko Kawangware, zikapimwa kwa kilo pamoja na mabomba na sufuria. Anaweza kuzisugua kwa majivu na ndimu hadi zing'are, akamwuzia mtalii kama kidani. Au anaweza kuketi na kuzisoma. Watu wengi huchagua mojawapo ya njia mbili za kwanza, na hawapaswi kulaumiwa sana, kwa kuwa hakuna aliyewafunza kwamba sarafu ni matini.

Lakini sarafu ni matini. Kijana akiinua ile iliyotobolewa ya senti kumi iliyofuliwa mwaka 1936, huenda akasoma juu yake jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba ya mwaka huo, kisha akajiuzulu. Huko kwao sarafu zenye jina lake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya umma. Hapa Afrika Mashariki, kwa sababu sarafu ndogo zenye tundu hazikuhitaji picha ya kichwa cha mfalme bali jina tu, zilifuliwa na kusambazwa. Hivyo mchuuzi wa ndizi wa Dagoretti alikuwa na jina la mfalme huyo mkononi ilhali mchuuzi wa samaki wa London hakuwa nalo. Je, sarafu hiyo ina bei kubwa? La. Zilitolewa kwa wingi na hupatikana kwa urahisi hadi leo. Hili ndilo somo la kwanza kwa mkusanyaji chipukizi: jambo la ajabu si lazima liwe adimu, na jambo lenye thamani si lazima liwe ghali.

Akiendelea kuchakura, atakuta shilingi za enzi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Bodi hiyo iliiondoa rupia iliyokuwa imezoeleka tangu siku za ujenzi wa reli, ikaleta florini mwaka 1920, kisha ikaiacha florini na kuleta shilingi ambayo sarafu zake za kwanza zina mwaka 1921. Katika muda mfupi kiasi hicho, mkulima aliyekuwa amejifunza kuhesabu kwa rupia alitakiwa ajifunze hesabu nyingine mara mbili. Shilingi za kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha halisi robo moja. Kuanzia 1948 fedha hiyo iliondolewa, ikabaki shaba iliyochanganywa na nikeli. Jicho lisilozoea halitaona tofauti, lakini mwaka uliochapwa unaisema. Tena kuna herufi ndogo ambazo wengi hudhani ni mikwaruzo. Herufi H humaanisha kwamba sarafu ilifuliwa katika kiwanda cha Heaton huko Birmingham. KN ni King's Norton, karibu na mji huohuo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia sehemu ya kazi hiyo ilihamishiwa kwingine, na ndipo zikaonekana herufi I ya kiwanda cha Bombay na SA ya kile cha Pretoria. Herufi moja inatosha kumwambia msomaji makini kwamba dunia ilikuwa vitani.

Lugha iliyobaki baada ya sarafu kutoweka

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya wanahistoria na wanauchumi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi yake. Jibu ni kwamba mwanafunzi huyo tayari anaishi katikati ya sarafu zilizokufa bila kujua. Neno pesa lenyewe ni jina la sarafu ndogo ya Kihindi, paisa, iliyozunguka katika pwani nzima katika karne ya kumi na tisa. Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, simu iliyotengenezwa ili mtu asihitaji kubeba sarafu ilibatizwa kwa jina la sarafu. Neno thumni, ambalo wazee wa Nairobi hulitamka sumuni wakimaanisha senti hamsini, ni la Kiarabu na maana yake ni sehemu ya nane. Linakumbusha enzi ambazo riale iligawanywa katika robo na thumni. Ndururu ilikuwa senti tano, na leo hii anayesema hana hata ndururu huenda hajawahi kuiona hata moja.

Hata magari yanayompeleka mwanafunzi huyo mjini yamebeba jina la sarafu. Inavyoelezwa na wengi, neno matatu linatokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, ambazo kwa Kikuyu ziliitwa mang'otore matatu. Jirani zetu wa Tanzania nao wana daladala, na dala ilikuwa jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano. Miji miwili mikuu ya Afrika Mashariki iliyapa majina magari yake kutokana na kile kilichodondoka katika kiganja cha utingo. Siku hizi vijana wa Nairobi wana ashu ya shilingi kumi, mbao ya ishirini na kobole ya tano, na maneno hayo nayo yataishi kuliko sarafu zake. Mtu anayekusanya sarafu bila kukusanya majina yake amekusanya nusu tu.

Uteuzi wa lugha juu ya sarafu pia ni kauli ya kisiasa. Kenya ilipotoa sarafu zake za kwanza mwaka 1966, maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza. Tanzania ilitoa zake mwaka huohuo, na juu ya picha ya Mwalimu Nyerere yakaandikwa maneno Rais wa Kwanza, huku thamani ikitajwa kwa Kiswahili: shilingi moja, senti hamsini. Wanafunzi wanaojadili sera za lugha katika nchi hizi mbili hunukuu hotuba na ripoti za tume. Wangeweza kuanza kwa kuweka sarafu mbili juu ya meza.

Vina juu ya shaba

Hoja yenye uzito zaidi kwa mwanafasihi, hata hivyo, iko nyuma zaidi ya hapo. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba, ndogo, zenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. John Walker alichapisha uchunguzi wake juu yake mwaka 1936, na baadaye Freeman-Grenville akaendeleza kazi hiyo. Upande mmoja una jina la sultani na la baba yake. Upande wa pili una maneno ya kumsifu Mola na kumtegemea, na maneno hayo yameteuliwa ili yakamilishe kina cha jina lile. Jina likiishia kwa al-Hasan, sifa ya Mungu upande wa nyuma nayo huishia kwa sauti ya -an. Likiwa la mwana wa Sulaiman, kina huvutwa kama jina linavyovutwa. Ili kuusoma mshororo wote ni lazima sarafu igeuzwe mkononi.

Jambo hili linastahili kuzingatiwa. Historia ya fasihi andishi ya Kiswahili inavyosomeshwa huanza na miswada ya karne ya kumi na saba na kumi na nane, na Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 hutajwa kama mojawapo ya nguzo zake. Lakini karne kadhaa kabla ya hapo, katika mji wa Waswahili, kulikuwa na mtu aliyekaa akatafuta kina cha jina la mtawala wake, na kazi yake ikasambazwa sokoni kwa maelfu. Muuza mtama na mvuvi walibeba ubeti wa vipande viwili katika pindo la nguo.

Pingamizi ni dhahiri. Lugha ya sarafu hizo ni Kiarabu, si Kiswahili, na haifai kudai kwamba ni ushairi wa Kiswahili. Pingamizi hilo ni la haki na lazima likubalike. Hata hivyo linaacha swali zito bila jibu: ikiwa jamii ya Kilwa ilithamini kina kiasi cha kukitia katika fedha zake, je, mazoea ya masikio ya jamii hiyo hayana lolote la kuwaambia wanaochunguza chimbuko la vina na mizani katika ushairi wa pwani? Swali hili haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hajawahi kuishika sarafu ya Kilwa wala kuiona picha yake. Idara za Kiswahili zimewaachia wanaakiolojia matini hizi kwa muda mrefu mno.

Thamani ya kujua zilipolala

Hapa ndipo daftari linapohitajika. Sarafu nyingi za Kilwa hazina tarehe. Jina la Ali bin al-Hasan linaonekana juu ya nyingi mno, na kwa miaka mingi wataalamu walibishana kuhusu karne aliyotawala. Mwaka 1984 hazina ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Ilikuwa na sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili zenye majina ya watawala wa pwani, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimiya wa Misri. Tofauti na sarafu za wenyeji, dinari hizo zina tarehe, na iliyo changa zaidi ni ya karne ya kumi na moja. Kwa kuwa zote zililala shimo moja, dinari zilitoa ushahidi kwa niaba ya majirani zake, na ufuaji wa sarafu katika pwani ukajulikana kuwa wa kale kuliko wengi walivyokuwa tayari kukubali.

Msomaji na afikiri jambo lingine. Lau hazina ile ingepatikana kwanza na mtu mwenye tamaa, bila shaka angezitoa zile dinari, kwa kuwa ni dhahabu, akaziuza kando. Zile ndogo za fedha angezigawa kwa wanunuzi kumi. Hakuna hata sarafu moja ambayo ingeharibika. Zote zingekuwa zimetunzwa vizuri katika makabati ya watu wenye mapenzi ya dhati na vitu vya kale, na historia yake ingekuwa imekufa. Kilichokuwa na thamani pale Mtambwe kilikuwa ule ujirani wa vipande vile, na ujirani haununuliki ukishavunjwa.

Mfano wa pili unatoka mbali. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizitia katika mkebe, na baada ya miaka mingi, mwaka 1979, akazipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko ni mjadala ambao haujakwisha. Lakini Isenberg alikuwa amefanya jambo moja la busara: alitia alama ya msalaba juu ya ramani mahali alipoziokota. Kwa ajili ya alama hiyo, wachunguzi waliweza kurudi kisiwani mwaka 2013. Bila msalaba ule, sarafu tano za shaba zingekuwa kioja tu. Tofauti kati ya kioja na ushahidi ilikuwa kalamu.

Huku kwetu, sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme wa China aitwaye Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424, ilipatikana Mambrui karibu na Malindi mwaka 2010, na nyingine kisiwani Manda mwaka 2013. Zote zilipatikana katika uchimbaji na uchunguzi wa wanaakiolojia, na ndiyo maana zinazungumzwa kwa uzito. Sarafu kama hizo zingeweza kununuliwa duniani kwa bei ndogo, kwani zilifuliwa kwa wingi. Bei yake haitokani na shaba wala na maandishi manne yanayozunguka tundu lake la mraba. Thamani yake ni kwamba ilikuwa katika udongo wa Mambrui.

Sheria na dhamiri

Sheria ya Kenya inalitambua jambo hili. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa nchini au kuingizwa humu kabla ya mwaka 1895. Vitu hivyo havitolewi nje ya nchi bila kibali, na mtu haruhusiwi kujichimbia mabaki ya kale bila leseni. Kwa hiyo, pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar iliyofuliwa mwaka 1882, yenye picha ya mizani, ikiwa iliingia Kenya katika siku zake, iko ndani ya mipaka ya sheria hiyo. Ndivyo ilivyo hata ile ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki yenye jina la Mombasa na mwaka 1888. Shilingi ya 1921 iko nje ya mipaka hiyo. Mkusanyaji asiyejua tofauti hii anaweza kuvunja sheria kwa kutia zawadi katika mkoba wa mgeni anayekwenda uwanja wa ndege.

Inafaa basi kutenganisha mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la sarafu zilizotoka mikononi mwa watu: za Bodi ya Sarafu, za Kenyatta na Moi, ile ya shilingi arobaini iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru, na hata hizi zenye wanyama zilizotolewa Desemba 2018 baada ya Katiba ya 2010 kukataza picha ya mtu yeyote juu ya fedha za nchi. Hizi ni za kila mtu kukusanya, na hakuna makumbusho yatakayoweza kuihifadhi kila ndururu pamoja na kumbukumbu za aliyeitumia. Fungu la pili ni la sarafu zilizo ardhini. Hizo haziguswi, anayeziona huieleza Makumbusho ya Taifa mahali zilipo. Fungu la tatu ndilo linaloleta utata: sarafu kongwe zisizo na asili, ambazo mtu anatandaziwa kwenye kitambaa na mchuuzi asiyejua, au asiyetaka kusema, zilikotoka.

Wapo wanaoshikilia kwamba ni heri kuzinunua hizo kuliko kuziacha ziyeyushwe au zivuke mpaka. Hoja yao ina nguvu, na si ya watu waovu. Mtu aliyesimama katikati ya jiji huku kipande cha Kilwa kikiwa mbele ya macho yake, naye ana shilingi mia tano mfukoni, anajua kwamba akiondoka hatakiona tena. Hata hivyo makala haya yanashikilia kwamba na aondoke. Shilingi mia tano zile hazinunui sarafu moja. Zinalipia jembe litakalochimba gofu lingine. Pesa ikishafika kijijini, habari husambaa kwamba shaba kuukuu ina soko Nairobi, na ujirani mwingine wa udongoni unavunjwa. Ni kweli kwamba kwa kukataa, kipande hiki kimoja kinaweza kupotea. Hiyo ni hasara halisi, na anayependekeza msimamo huu hana budi kuikiri. Lakini mnunuzi anaweza kuuliza, akaomba kuipima na kuipiga picha, akaandika alichosikia, akaipeleka habari hiyo Makumbusho. Amenusuru maandishi bila kulipia uharibifu.

Vifaa vya mtu wa kawaida

Inasemekana mara nyingi kwamba huu ni uraibu wa matajiri wa Lavington na wazungu wastaafu. Dhana hiyo inatokana na kuuona kama ununuzi. Ukichukuliwa kuwa usomaji, gharama yake ni ndogo. Kinachohitajika ni kioo cha kukuzia, rula, sumaku, mizani ndogo kama ya sonara, na daftari. Kwa kila sarafu huandikwa uzito, kipenyo, madini, maandishi ya uso na ya mgongo, hali ya ukingo, mahali ilipopatikana, na aliyekuwa nayo. Sarafu haisuguliwi wala kuoshwa kwa dawa, maana utando mweusi juu ya shaba humlinda mwenye kuivaa kama ngozi, na mikwaruzo ya brashi haiponi.

Anayeanza ajue pia kwamba sarafu inaweza kudanganya bila kuwa bandia. Riale ya Maria Theresa, iliyopendwa sana na wafanyabiashara wa pwani, ina mwaka 1780 juu yake, nao ni mwaka aliofariki malkia huyo. Iliendelea kufuliwa kwa zaidi ya karne moja baadaye bila mwaka huo kubadilishwa. Sarafu za Kilwa zimenyamaza kuhusu umri wake. Hii inautaja umri usio wake. Mwanafunzi aliyezoea kuhakiki msimulizi asiyeaminika katika riwaya hatapata shida kulielewa hilo.

Jiji lenyewe nalo lina walimu. Makumbusho ya Taifa yako Museum Hill, mwendo mfupi kwa miguu kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, penye njia ya kuelekea Westlands. Katika Moi Avenue limesimama jengo la Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, ambalo zamani lilikuwa benki na sasa lina vitabu na kazi za sanaa zilizokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko Nairobi Gallery. Murumbi hakuwa makumbusho. Alikuwa mtu mmoja mwenye jicho na subira, na alichokikusanya sasa kinasomwa na umma. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba mkusanyaji wa kibinafsi anaweza kuwa mtumishi wa taifa, mradi mkusanyo wake uwe na kumbukumbu na uwe na mlango wa kufunguka.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza kwa jambo dogo. Kila mwanachama arudi kwao likizoni akatafute mkebe mmoja, aandike kadi ya kila sarafu, na pembeni aandike jina iliyoitwa na wazee wa hapo: ndururu, peni, ng'otore, thumni au jina lolote lile. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kadi hizo zitandazwe mezani karibu na diwani za mashairi. Hakuna fedha kubwa itakayohitajika. Kitakachohitajika ni haraka, kwa sababu wanaokumbuka majina hayo wanapungua kila mwaka, na kamusi haziyataji yote.

Hitimisho

Yule kijana wa Uthiru bado ana mkebe mapajani. Anaweza kuhifadhi kila kipande kilichomo katika mifuko safi, akajua kila herufi ya kila kiwanda, na bado akawa ameipoteza sehemu bora ya urithi wake. Nyanya yake amesema kwamba sarafu hizi zilikuwa masazo ya mshahara. Mshahara wa kazi gani? Ulilipwa wapi, mwaka gani, na kwa nini mzee hakuyatumia masazo yale? Huenda alikuwa akiweka akiba ya karo. Huenda hakuiamini benki. Huenda alizipenda tu, naye alikuwa mkusanyaji kabla ya mjukuu wake. Hakuna kioo cha kukuzia kitakachoyaonyesha hayo, na hakuna mtaalamu wa Museum Hill anayeyajua. Anayejua ni mmoja, ni mzee, na chai yake inapoa.

Basi kijana na aufunike mkebe kwanza, afungue daftari, na aulize. Sarafu zimengoja zaidi ya nusu karne na zinaweza kungoja hadi jioni.